Hesabu ya Moto Usioguswa

Said, mhandisi aliyekalia kiti changu pale kituoni, ameniomba niandike habari za kazi kwa ajili ya walioajiriwa baada yangu. Alipendekeza nianze na vyeo nilivyopanda. Vyeo vimo kwenye faili langu ofisini; mwenye haja navyo akavisome, ikiwa panya wamebakisha kitu. Mimi nitaandika habari za chumba cha swichi. Humo nilijifunza kazi, humo mwalimu wangu aliungua, na humo kosa langu mwenyewe lilikaa miaka mingi bila ya mtu kulijua, hata mimi niliyelifanya.

Naitwa Zuwena Faki. Nilizaliwa Chokocho na sasa nimerudi Chokocho. Katikati yake nimefanya kazi ya umeme hapa Pemba tangu zama za majenereta ya dizeli mpaka umeme ulipoanza kutujia kwa waya uliolazwa chini ya bahari.

Niliajiriwa kama karani wa mita. Kila saa nilitakiwa kupita mbele ya makabati ya swichi, nisome sindano na niandike namba kwenye daftari. Msimamizi wa chumba alikuwa Fundi Makame, mtu wa Kengeja, mwembamba, mchache wa maneno. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniangalia kuanzia miguuni kwenda juu. Nilikuwa nimevaa viatu vya wazi na baibui jipya linalong'aa, ambalo mama alinishonea kwa ajili ya kazi.

"Baibui hilo la nailoni," alisema.

Nilidhani analisifu, nikashukuru.

"Kesho njoo na la pamba, na viatu vya kufunika. Pamba ikishika moto huungua ikaisha. Nailoni huyeyuka ikanata, na ntu huvuliwa pamoja na ngozi yake."

Mama alininunia wiki nzima kwa sababu ya lile baibui. Mimi nilikwenda na la zamani lililopauka, na Fundi Makame hakusema neno, jambo ambalo baadaye nilijua ndiyo namna yake ya kusifu.

Hakuwa na desturi ya kufundisha kwa kukaa na mtu. Alifanya kazi, ukiwa na macho utaona. Kabla ya kuingia chumbani alisimama mlangoni kwanza, asikilize. Swichi nzima huvuma kwa sauti moja. Yenye kasoro hukwaruza. Kisha alinusa hewa, maana umeme ukichezacheza pasipotakiwa huacha harufu kali puani. Akitaka kuunga swichi kubwa ili umeme upite, hakusimama uso kwa uso na kabati, alisimama pembeni na kugeuza kichwa. Nilipomuuliza sababu alisema hajui sababu, anajua tu kwamba aliyemfundisha yeye alifanya hivyo na alizeeka na macho yake mawili. Baada ya mwaka mmoja aliniruhusu kufungua makabati yaliyozimwa, nikasafisha mikono ya shaba inayopitisha umeme na kukaza nati. Wapo waliosema chumba kile si mahala pa mwanamke. Fundi Makame aliwaambia kwamba umeme hauulizi, wakaacha.

Ilikuwa asubuhi, baada ya matengenezo ya siku mbili. Fundi Makame alimwelekeza mwenzake aunge swichi, yeye akarudi nyuma kuangalia. Mimi nilikuwa ukumbini nje na daftari langu. Niliona mwanga mweupe ukitoka chini ya mlango, ukafuatiwa na kishindo kama cha bati lililoanguka kutoka paani. Mwenzake alikuwa amejibanza pembeni mwa kabati, akapona kwa kukingwa na chuma. Fundi Makame alitoka kwa miguu yake. Alikuwa amefumba macho na ameinua mikono mbele kama mtu anayeomba dua, na akaniuliza kwa sauti ya kawaida kama moto umezimwa.

Siku ya pili nilimpelekea uji hospitali. Uso na kifua vilikuwa vimefungwa. Mkewe aliniomba nimshikie mkono wake abadilishe shuka, na hapo nikauona vizuri. Mgongo wa mkono ulikuwa malengelenge matupu. Kiganja kilikuwa kizima, hakina hata alama. Na pale kifuani, alipokuwa na kijidaftari mfukoni, palibaki pembe nne za ngozi isiyoguswa na moto, kama zimepigwa rula.

Walikuja watu wa uchunguzi. Waliteremka kwa ndege asubuhi na wakaondoka alasiri. Ripoti yao ilikuwa na kurasa chache, na neno kubwa ndani yake ni kwamba fundi alishika chuma chenye umeme kwa uzembe. Viganja vyake hawakuvitazama. Mimi nilikuwa karani wa mita, hakuna aliyeniuliza, na naandika hapa kwa aibu kwamba sikunyamaza kwa kutoulizwa tu: niliogopa.

"Sikugusa kitu, Zuwena," aliniambia alipoweza kusema. "Nilikuwa mbali, hatua mbili kamili."

Nilimwambia najua. Lakini kujua kwangu hakukuwa na karatasi. Alipata barua ya kupumzishwa kazi, akarudi Kengeja kulima muhogo kwa mikono ambayo haikukunjika tena sawasawa. Kilichomuuma zaidi si mikono. Ni kwamba mafundi aliowafundisha walianza kumtaja kama mfano wa mtu asiye mwangalifu.

Miaka ilipita. Nilisoma masomo ya jioni, nikafaulu mitihani ya ufundi, na nikiwa mama wa watoto watatu nikapelekwa kusoma chuo Bara. Huko ndiko nilikokutana na Dokta Neema, mwalimu wetu wa umeme mkubwa, mwanamke mfupi aliyefundisha huku akitembea. Siku moja alituuliza swali: umeme ukiruka hewani baina ya vyuma viwili, joto lake huenda wapi?

Sisi Pemba tulisema tu "imepiga shoti". Nikajifunza kwamba ule moto una jina, tao la umeme. Hewa iliyo ndani yake hupata joto la maelfu ya digrii mpaka inavunjika na kupitisha umeme yenyewe, nayo ikifikia hali hiyo huitwa plazma. Joto lake hutoka kwa njia tatu. Jingine hupita kwenye chuma, jingine huchukuliwa na hewa inayovuma, na jingine husafiri pamoja na mwanga, kama lile la jua. Hili la tatu huitwa mnururisho. Halihitaji kukugusa. Linapiga kila kilichoelekea moto na linaacha kilicho kivulini.

Pale darasani nilikuwa naona viganja vizima na pembe nne za ngozi kifuani.

Nilimfuata Dokta Neema ofisini nikamweleza kisa chote. Hakunifariji. Alinipa majedwali yanayoonyesha hewa yenye joto fulani hutoa mwanga kiasi gani, akanionyesha jinsi ya kuligawa tao kwenye kompyuta liwe mabomba membamba yaliyovaana, kila bomba na joto lake, kisha kujumlisha mwanga wa kila moja na kuhesabu kiasi kitakachomfikia mtu aliyesimama mbali. Hiyo ndiyo modeli. Aliniambia hesabu kamili ni ndefu, kwa sababu tao humeza sehemu ya mwanga wake lenyewe kabla haujatoka nje. Nikishindwa na ndefu, nianze na fupi, nichukulie kwamba mwanga wote unatoka. "Ila andika kwamba ni fupi," alisema, "ili atakayekuja ajue."

Nilianza na fupi. Kuandika kwamba ni fupi nilisahau.

Hesabu yangu ya kwanza iliyokamilika ilikuwa ya Fundi Makame. Niliingiza nguvu ya umeme ya siku ile, muda uliochukua hadi kukatika, na hatua mbili. Jibu lilitoka kwamba ngozi iliyoelekea moto ingeungua kama vile alivyoungua, bila ya kugusa kitu chochote. Nilichapisha karatasi zile, na niliporudi Pemba nilikwenda nazo kwa Bwana Sharif, aliyekuwa mkuu wa kituo wakati huo. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa karatasi zinazobishana na karatasi nyingine. Alisema kompyuta hukubali chochote inacholishwa. Nilikiri kwamba ni kweli, nikamwomba siku moja ya kumwonyesha.

Wete kuna fundi anayechomelea milango ya chuma, na moto wa mashine yake ni tao la umeme, dogo lakini la ukoo mmoja. Nilitengeneza visahani vya shaba, upana wa kifuniko cha soda, nikavipaka masizi ya kibatari upande mmoja ili vimeze joto vizuri, na nyuma nikavifunga waya wa kupimia joto. Nikakitega kimoja mbele ya moto wa fundi. Baina yake na moto nikaweka feni kubwa, ipulize hewa yote pembeni. Bwana Sharif akashika saa. Fundi akachomelea. Kile kisahani kilipanda joto vilevile kama feni haipo. Kisha nikasimamisha daftari baina ya moto na kisahani, na joto likaacha kupanda.

Bwana Sharif alipitisha mkono wake mwenyewe mbele ya feni, akauona upepo ni baridi, akakiangalia tena kisahani. Aliniuliza neno uzembe liko ukurasa wa ngapi wa ile ripoti ya zamani.

Barua haikuwa ndefu. Ilisema kwamba kwa hesabu na vipimo vilivyopatikana baadaye, fundi hakugusa chuma chochote, na neno uzembe limeondolewa. Niliipeleka Kengeja mwenyewe. Fundi Makame alikuwa anapanga ndizi kwenye kivuli cha ukuta. Macho yalikuwa yameanza kumwishia, akaniomba nimsomee. Nilisoma mara ya kwanza, akataka tena. Mara ya pili alimwita mkewe aje asikilize.

"Nao wa kituoni wameambiwa?" aliuliza.

Nilimwambia imebandikwa ubaoni na Bwana Sharif ameisoma kwa sauti mbele ya mafundi wote. Aliitikia kwa kichwa, akashusha pumzi ndefu, kisha akaniuliza siku hizi navaa pamba au nailoni. Alifariki miaka kadhaa baadaye, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kwenye maziko walikuja mafundi wengi, wakawa wanasimuliana alivyowafundisha, na hakuna aliyepunguza sauti.

Kwa hesabu ileile nilichora mstari mwekundu sakafuni mwa chumba cha swichi. Nyuma ya mstari, mita tatu na nusu kutoka makabati, joto la mnururisho lingekuwa chini ya kiasi cha kuunguza ngozi. Mbele ya mstari mtu asisimame swichi ikiungwa. Maana yake ilikuwa swichi ziungwe kwa kitufe chenye waya mrefu, kutoka karibu na mlango. Walinicheka kwa muda. Wengine waliuita mstari ule kibla cha Bi Zuwena. Lakini walisimama nyuma yake, na mimi niliridhika na miguu yao, midomo nikawaachia wenyewe. Ukutani, usawa wa mstari, nilitundika kisahani kimoja chenye masizi.

Ndipo ikaja siku ya Khatib Juma. Alikuwa fundi mzoefu, mwenye haraka, na zamani angesimama mbele ya kabati bila ya kufikiri. Siku hiyo alisimama nyuma ya mstari kwa sababu nilikuwa namtazama. Alibonyeza kitufe, swichi ikashindwa ndani, na mlango wa kabati ukang'oka ukagonga ukuta wa pili. Mwanga ule mweupe niliuona mara ya pili katika maisha yangu. Khatib alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Akajipapasa mashavu.

"Bi Zuwena, uso wangu upo?"

"Upo. Na unataka kunyolewa."

Alicheka, akalia, akacheka tena. Nilimpeleka hospitali, daktari akamgeuzageuza akamrudisha kazini. Niliporudi chumbani nikasoma kipimo cha kile kisahani. Kilionyesha joto pungufu kuliko hesabu yangu ilivyotabiri. Nilifurahi, na kwa furaha ile sikuuliza kwa nini. Andikeni hili mahali: kipimo kikikupeni jibu zuri kuliko mlilotarajia, kiulizeni vilevile kama kimekupeni baya.

Nikastaafu. Waliniaga kwa wali na maneno mengi, na mstari ulitajwa kuliko mimi. Nilikuwa Chokocho mwezi wa tatu sasa, naamka bila saa, naona raha, Said aliponipigia simu. Aliniamkia, akanijulia hali ya nyumbani yote, na hapo nikajua ana jambo zito.

"Bi Zuwena, nimepitia hesabu ya mstari. Sioni shaba."

Sikumwelewa. Akaeleza taratibu. Alikuwa amepima mikono ya shaba iliyotolewa kwenye kabati la Khatib, akakuta imepungua uzito. Maana yake moto uliila shaba, na shaba iliyogeuka mvuke ilikuwa ndani ya tao. Hewa yenye mvuke wa shaba hutoa mwanga mwingi kuliko hewa tupu. Mimi nilitumia jedwali la hewa tupu. Alijaribu kuongeza shaba kwenye modeli yangu, na pale kwenye mstari joto likapita kiasi cha kuunguza.

Nilimuuliza kuhusu kisahani, mbona kilisoma pungufu. Alikuwa ameshakiangalia. Mfagiaji wetu, mtu msafi, alikuwa akikifuta vumbi kila wiki, na masizi yalikuwa yametoka nusu. Shaba inayong'aa hurudisha joto. Kipimo kile hakikuwa na thamani.

Nilikaa kitako sakafuni na simu mkononi. Nilimwambia asogeze mstari mpaka nje ya mlango leo hii, mtu asiunge swichi kutoka mle ndani, na kazi ikichelewa ichelewe. Kisha nikamwandikia mkuu mpya wa kituo barua, nikasema kosa ni langu peke yangu, si la Said wala la chuo kilichonisomesha. Mkuu alijibu kwa adabu kwamba kuunga swichi kutoka nje kunawasumbua sana. Nilimwombea Mungu ampe subira.

Ilichukua siku nne. Said alitaka kuifanya upya hesabu yote, ile ndefu niliyoikimbia. Mimi nilibaki nyumbani, usiku na mchana nikiwahesabu watu. Khatib, na waliokuja baada yake, na waliounga swichi miaka yote ile wakiwa nyuma ya mstari wangu kwa kuniamini. Nilijua wote ni wazima. Lakini niliona wazi kwamba nilimsafisha mtu mmoja kwa hesabu, na huenda kwa hesabu hiyohiyo nikawaweka ishirini mahali pa kuungua. Mume wangu alinisomea dua, akaniletea chai, ikapoa. Nilifungua madaftari yangu ya chuo, na pembeni mwa ukurasa mmoja nikakuta mwandiko wangu: "mwanga wote unatoka - kumbuka". Sikukumbuka. Nilimpigia Said nikamsomea. Akasema nisubiri.

Siku ya nne, karibu na adhuhuri, alifika mwenyewe kwa pikipiki, amejaa vumbi hadi nyusi, kompyuta ameifunga kifuani kwa kanga ya mkewe. Hakutaka hata maji kwanza.

"Bi Zuwena, mstari uko salama."

Nilimwambia aseme tena, kama Fundi Makame alivyonifanya mimi.

Akasema tena, kisha akanionyesha. Shaba kweli huongeza mwanga, hapo nilikosea kwa kuiacha. Lakini sehemu kubwa ya mwanga ule humezwa na hewa isiyo na joto kali inayolizunguka tao, na hapo nilikosea kwa kuuachia wote utoke. Kosa moja lilipunguza joto kwenye karatasi, la pili liliongeza, na la pili lilikuwa kubwa zaidi. Alizifanya hesabu mbili pamoja, akazirudia kwa umeme mkubwa na kwa muda mrefu zaidi. Kila mara joto halisi pale mita tatu na nusu lilikuwa chini ya nililotabiri mimi. Hata hesabu ya Fundi Makame aliirudia, na kwa hatua mbili ngozi bado iliungua bila ya kugusa kitu. Alikwenda na Wete, kwa mchomeleaji yuleyule, na visahani vilivyopakwa masizi mapya, na vipimo vikakubaliana naye.

"Kwa hiyo ni bahati tu," nilisema.

Nilimwona anatafuta neno la kunipendeza, kisha akaliacha.

"Ni bahati, Bi Zuwena. Sitakudanganya."

Hapo ndipo nilipojua kituo kina mtu. Nilimwambia modeli mpya iandikwe kwa jina lake, mstari urudi ulipokuwa, na makosa yangu mawili yawekwe ukurasa wa kwanza, kwa maneno ambayo hata karani wa mita atayafahamu. Aliuliza kama sitaona vibaya. Nilimjibu kwamba nimeona vibaya siku nne, zinatosha.

Mume wangu alileta muhogo wa nazi na samaki. Said alikula kama mtu aliyefunga, huku akinieleza jinsi alivyoyagawa yale mabomba kwenye kompyuta, na kwa nini arobaini yalikuwa bora kuliko ishirini. Nilitaka kumuuliza kuhusu bomba la nje kabisa. Nakumbuka nilifungua mdomo. Naambiwa nililala palepale kwenye kiti, kijiko mkononi, na kwamba Said aliendelea kueleza kwa muda kabla hajagundua, kisha akanitoa kijiko kidogokidogo, akaaga kwa kunong'ona na kuisukuma pikipiki yake mpaka barabarani ndipo akaiwasha.